Je, Kupe Ana Hatia?

Lugha yetu haina huruma kwa mtu alaye asichokitolea jasho. Huyo huitwa kupe. Afaidiye kazi za wenzake kwa hila huitwa mnyonyaji, na asiyetaka kuondoka penye shibe husemwa kuwa ameganda kama ruba. Majina haya yametamkwa katika mikutano na yameandikwa katika magazeti na vitabu, na kila ayasikiaye hufahamu mara moja kuwa ni lawama. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza kama lawama hiyo yamstahili kupe mwenyewe. Je, kupe ana hatia? Kama anayo, ni sheria gani aliyoivunja? Na kama hana, kwa nini jina lake liwe tusi juu ya mtu?

Msomaji, usidhani kuwa swali hili ni mchezo wa maneno. Ndani yake mna swali kubwa zaidi, nalo ni hili: yafaa mwanadamu atafute sheria ya maisha yake katika maumbile ya wanyama, au haifai? Wako watu wasemao kuwa duniani mkubwa humla mdogo, na kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Wako na wengine wasemao kuwa maumbile yenyewe ni mwalimu mpole, na kwamba kila dhuluma hulainika ikipewa muda wa kutosha. Tukitaka kuwajibu watu hawa kwa haki, yatupasa kwanza tuyatazame maumbile yenyewe kama yalivyo, kisha ndipo tuhukumu.

Kiumbe aishiye juu ya mwili wa kiumbe mwingine, au ndani yake, na kujilisha kwa hasara ya amchukuaye, huitwa kimelea. Yule amchukuaye huitwa mwenyeji. Neno hilo la pili ni neno la baraza na mkeka, neno la ukarimu, ila mgeni tunayemzungumza hapa hakupiga hodi wala hana nia ya kuaga. Mifano nitaichukua kwa wanyama wagugunao, yaani panya na jamaa zake: kuchakuro, nungu, fuko, panya buku na wengine wengi. Jamii hii ina aina zaidi ya 2000, karibu mbili katika kila aina tano za wanyama wanyonyeshao. Panya mmoja wa porini ni kama mji. Katika manyoya yake hukaa chawa, viroboto, kupe na utitiri. Katika utumbo wake hukaa minyoo. Na katika damu yake huogelea vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kila mmoja wa wageni hawa ana historia yake, na historia hizo hazifanani.

Tuanze na mgeni mtulivu. Katika Amerika ya Kaskazini na ya Kati yupo mnyama achimbaye ardhi mfano wa fuko wetu, mwenye mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Mnyama huyu hupenda upweke. Kila mmoja hukaa katika shimo lake. Juu yake huishi chawa wadogo wasionyonya damu, bali hula mabaki ya ngozi na manyoya. Kwa kuwa wenyeji wao hawatembeleani, chawa hawa hawana njia nyingi za kuhama. Aghalabu hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kama urithi. Wataalamu walipochora ukoo wa wanyama hao, kisha wakachora ukoo wa chawa wao, waliona kuwa kwa sehemu kubwa koo hizo mbili zinalingana. Mahali ambapo wenyeji waligawanyika wakawa aina mbili, chawa nao waligawanyika. Zaidi ya hayo, chawa ana mfereji mdogo kichwani wa kushikia unywele, na upana wa mfereji huo hulingana na unene wa unywele wa mwenyeji wake. Chawa wa mmoja angepata taabu kushika juu ya mwingine.

Ni nani aliyempimia chawa mfereji wake? Hakuna chawa aliyekaa akapanga. Katika kila kizazi watoto hawafanani kabisa na wazazi wao. Mmoja hushika unywele vizuri, mwingine huteleza. Ashikaye hubaki na kuzaa; atelezaye hufa na kasoro yake. Yarudie hayo mara maelfu na maelfu, nawe utapata kiumbe aliyefaa mahali pake kama ufunguo ufaavyo kufuli lake. Huo ndio utaratibu wote. Hauna nia, hauna chuki, wala hauna huruma. Jambo hili ulikumbuke, maana tutalirudia.

Sasa twende Katanga, katika Kongo. Huko, mwaka 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips walipata kimelea cha malaria katika damu ya panya wa vichakani. Malaria hiyo haimpati mwanadamu. Huchukuliwa na mbu kutoka panya hata panya, na panya wa vichakani huivumilia bila madhara makubwa, kwa maana mgeni na mwenyeji wamezoeana tangu zamani. Lakini wataalamu walipoitia katika damu ya panya weupe wa maabara, ambao hawakupata kuijua, mara nyingi iliwaua katika muda wa wiki chache. Kimelea kilikuwa kile kile; nyumba ndiyo iliyokuwa ngeni.

Likatokea na jambo la pili. Katika maabara, damu yenye kimelea ilihamishwa kwa sindano kutoka panya mmoja hata mwingine, tena na tena, pasipo mbu. Baada ya kuhamishwa hivyo mara nyingi, baadhi ya koo za kimelea hicho zilipoteza kabisa uwezo wa kufanya mbegu zile ambazo mbu huzichukua. Njia ya mbu haikutumika tena, na kisichotumika hakikulindwa. Kimelea hakikusema, "Nitunze akiba, labda siku moja sindano itakosekana." Hakina kesho. Hufuata faida ya leo tu, hata kama faida hiyo inaufunga mlango wa kurudia porini.

Mfano wa tatu ni wa kutisha, nao ulifika mpaka mlangoni petu. Ni tauni. Mwaka 1894, katika Hong Kong, Alexandre Yersin aliitambua bakteria iletayo ugonjwa huo. Na mwaka 1898, katika Karachi, Paul-Louis Simond alionyesha kuwa kiroboto ndiye auchukuaye kutoka kwa panya. Leo tunajua kuwa bakteria hiyo ni mzao wa bakteria nyingine ya utumbo, iletayo maradhi yasiyo makali sana. Katika mifupa ya watu waliokufa yapata miaka 5000 iliyopita imeonekana tauni ya kale, nayo ilikosa kipawa kimojawapo kinachoisaidia kuishi ndani ya kiroboto. Baadaye kipawa hicho kilipatikana, na chembe nyingi za urithi zilizofaa maisha ya utumboni zikaachwa zife. Bakteria ikawa na maisha mapya: ndani ya kiroboto hujijenga kama kizibo katika koo, damu isifike tumboni. Kiroboto huona njaa isiyokwisha, huuma na kuuma tena, na kila aumapo hutapika maradhi katika jeraha. Mwishowe naye hufa kwa njaa.

Tazama basi hali ya kiroboto. Twamlaumu kuwa ndiye aliyetuletea kifo, kumbe naye ametiwa kabari kooni na mgeni aliye mdogo kuliko yeye. Mnyonyaji naye ananyonywa.

Katika jangwa la Kazakhstan wako panya wakubwa wa mchangani ambao wengi wao hupata tauni na kuishi. Kwa panya wa mijini na kwa watu mambo ni mengine. Ulaya, kati ya mwaka 1347 na 1351, tauni iliua yapata theluthi moja ya watu au zaidi. Nairobi, mji ulipokuwa mchanga, tauni iliingia mwaka 1902, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto. Huko Lushoto, katika milima ya Usambara, ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Madagaska iliipata mwaka 1898 na haijaachana nayo. Mwaka 2017 zaidi ya watu 2000 walihesabiwa kuwa wameugua. Moto ule wa Nairobi una funzo ndani yake. Mtu mwenye hofu hutafuta haraka pa kuiweka lawama, na aghalabu huiweka juu ya jirani kabla ya kuchungulia shimo la panya. Moto huunguza nyumba, lakini panya ana miguu.

Mfano wa nne ni wa ajabu. Mwaka 1908, katika mji wa Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux waliona kijidudu katika mwili wa mnyama mdogo mgugunaji aitwaye gundi. Kijidudu hicho, toksoplasma, huweza kukaa ndani ya wanyama wengi, ila hukamilisha uzazi wake ndani ya wanyama wa jamii ya paka tu. Basi panya mwenye kijidudu hicho ni kama abiria aliyefika kituo cha kati. Safari haijaisha mpaka aliwe na paka. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza kuwa panya wenye toksoplasma hupoteza ile hofu ya kuzaliwa nayo ya harufu ya paka, na baadhi yao huivutikia. Panya huyo huenda kwa miguu yake mwenyewe, lakini safari si yake.

Sasa tuwarudie wale wasemao kuwa kila dhuluma hulainika ikipewa muda. Maoni haya yana sura ya hekima. Husemwa hivi: mgeni mwenye akili hamwui mwenyeji wake, kwa maana akimwua atakosa nyumba, kwa hiyo kila kimelea, kikikaa sana, hugeuka kuwa mpole. Panya wa vichakani wa Katanga na panya wa jangwani wa Kazakhstan huletwa kuwa mashahidi. Lakini yuko shahidi mwingine asiyekubaliana nao, naye ni sungura wa Australia. Sungura si wa jamii ya panya, ila ushahidi wake ni wazi kuliko wa mnyama mwingine yeyote, kwa kuwa mambo yake yalipimwa tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1859 sungura 24 wa Ulaya walipelekwa Victoria, wakazaana hata wakawa balaa kwa mashamba. Mwaka 1950 serikali ya nchi hiyo iliwaachia virusi viitwavyo miksoma, ambavyo kwa sungura wa msituni wa Amerika ya Kusini huleta uvimbe mdogo tu. Kwa sungura wa Ulaya viliua zaidi ya 99 katika kila 100. Frank Fenner na wenzake waliendelea kuvipima. Baada ya miaka michache waliona kuwa virusi vikali kabisa vimepungua, kwa sababu sungura alikufa upesi kabla mbu wengi hawajamwuma. Virusi vipole kabisa navyo havikushinda, kwa sababu sungura alipona upesi na vidonda vyake havikuwa na virusi vya kutosha. Vilivyotawala vilikuwa vya katikati. Hapo ndipo watu walipofurahi na kusema, "Mnaona? Dhuluma imelainika."

Lakini iulize hesabu. Hivyo vya katikati, vilipojaribiwa kwa sungura wasio na kinga, viliua kati ya 70 na 95 katika kila 100. Huo ndio upole wa maumbile! Tena, sungura walionusurika walizaa watoto wagumu zaidi, na kadiri sungura walivyokuwa wagumu, virusi navyo viliongeza ukali. Hapakuwa na mapatano; palikuwa na mashindano. Kimelea hakitafuti amani wala vita. Hubaki kile kisambaacho zaidi, basi. Penye faida katika upole, kitakuwa kipole; penye faida katika ukali, kitakuwa kikali. Kwa hiyo anayeonewa asiambiwe angoje tu, eti muda utamlainisha amwoneaye. Muda peke yake haujapata kumhurumia mtu.

Na sasa tunaweza kulijibu swali letu. Ili kiumbe awe na hatia yapasa awe na mambo matatu: ajue atendalo, aweze kutenda vingine, na achague baya penye jema. Kupe hana hata moja. Hajui kuwa ng'ombe anaumia. Hawezi kula majani. Hakuna asubuhi aliyosimama penye njia panda akachagua damu. Chawa na mfereji wake, bakteria na kizibo chake, toksoplasma na panya wake asiye na hofu, wote wamefanywa walivyo na vifo vya wale waliokuwa vingine. Kupe, basi, hana hatia. Ana madhara, na madhara yapasa kuzuiwa. Lakini madhara ni jambo moja na hatia ni jambo la pili.

Mtu yu mbali na hayo. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haina maana yoyote kwa kupe, kwa kuwa kupe hawezi kushika jembe hata umpe siku mia. Kwa mtu ina maana, kwa kuwa anaweza kulishika, anajua kuwa anaweza, na akilikataa huona haya au hutafuta udhuru. Haya hiyo, na udhuru huo, ndivyo ushahidi kuwa yeye si kupe. Mtu mwizi hujificha. Kiroboto hurukaruka kila mahali bila aibu. Atasema mwingine kuwa tamaa nayo ni maumbile, nasi tumezaliwa nayo. Na iwe hivyo. Njaa nayo ni maumbile, lakini twamfundisha mtoto angoje wenzake wanawe mikono. Kuzaliwa na tamaa si hatia. Kuiachia ipande kiti cha hukumu ndiyo hatia.

Kwa hiyo kumwita mtu kupe ni kosa lenye pande mbili. Upande wa kwanza, jina hilo humpunguzia mdhalimu lawama. Mtu ajengaye nyumba yake kwa fedha za dawa za wagonjwa ni mbaya kuliko kupe, maana alijua, na aliweza kuacha. Upande wa pili ni wa hatari zaidi. Mdudu hasikilizwi wala hahukumiwi. Husagwa kwa kidole. Basi mtu akiisha kuvikwa jina la mdudu, kidole huanza kuinuliwa. Katika Rwanda, mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende katika redio, na katika muda wa siku kama 100 mamia ya maelfu ya watu waliuawa, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa uovu huo. Nasi wenyewe tusijifanye wageni wa jambo hili. Katika nchi yetu, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walikuwako watu walioitwa madoadoa kwa sababu ya kabila lao, na zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha. Doa hufutwa. Neno lilitangulia, mkono ukafuata.

Pengine, msomaji, umeanza kujitazama mwenyewe. Karo yako imetokana na majani ya chai yaliyochumwa na mama, au ng'ombe aliyeuzwa, au mshahara wa kaka asiyepata kusoma. Wala usichokilima, wavaa usichokishona. Je, wewe nawe u kupe? La. Mtoto hupokea, na hakuna mtu aliyeanza maisha kwa njia nyingine. Alichopokea ni amana, nayo amana si lazima irudi katika mkono uleule ulioitoa. Yaweza kurudi kwa mdogo wako, kwa kijiji chako, kwa mgonjwa usiyemjua. Tofauti ya mwanafunzi na mnyonyaji haimo katika kupokea, imo katika kuufumba mkono baada ya kupokea.

Liko na fungu la mwenyeji. Sungura walijipatia ugumu kwa kufa kwa mamilioni, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Sisi tunayo. Tunaweza kuziba ghala, kuteketeza taka, kupeleka ng'ombe joshoni na kumtibu mgonjwa wa tauni kwa dawa mapema, kabla kizazi kizima hakijafundishwa na kaburi. Katika mambo ya watu tunaweza kuuliza hesabu ya fedha, kutunga sheria, kumkataa mgombea mwizi hata kama ni wa ukoo wetu. Mwenyeji anyamazaye huku akijua ananyonywa ameshiriki kidogo katika dhuluma aliyotendewa, ikiwa alikuwa na sauti na hakuitumia.

Maumbile, basi, ni mwalimu wa mambo yalivyo, si hakimu wa mambo yapasavyo kuwa. Yatufundisha jinsi tauni inavyopita. Hayatuambii tumtunze au tumtupe mgonjwa. Hilo tumeachiwa sisi. Kupe tumwondoe juu ya ng'ombe bila kumchukia, kwa maana hajui atendalo. Mtu adhulumuye tumkemee, tumshitaki na tumzuie bila kumwita kupe, kwa maana yeye anajua; na kwa kuwa anajua, bado kuna tumaini kuwa siku ya tatu atalishika jembe.